Kuhamia Kolwezi: tuhesabu mbele ya kupakia mizigo

Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama hapa Lubumbashi na mama mwenye kuchunga kasha ya msaada. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



Kamati imeniomba niseme juu ya Kolwezi. Wenye kufuata mambo ya kasha wanajua sababu. Zamani barua tulizokuwa tunapokea zilikuwa za ugonjwa, za kilio, za masomo ya watoto. Sasa nyingi zinaomba kitu kingine: msaada wa kuhama. Na maneno yake ni karibu yale yale. Mama mmoja aliniambia mbele ya mlango: « Mama, bantu bote banaenda ku Kolwezi, shiye tunangoya nini hapa? »

Ni ulizo la haki. Halistahili kujibiwa kwa hasira wala kwa kicheko. Nitasema ninavyowaza, kisha mkutano utaamua. Kwa ufupi jibu langu ni hili: mtu aende, nyumba ibaki. Anayetaka kujaribu Kolwezi, chama kimsindikize. Lakini kuuza parseli ya hapa ili kwenda kuanza kule, kwa hiyo kasha yetu isitoe hata franga moja. Nitaeleza kwa nini.

Sisi wenyewe tunatoka wapi

Kuhama tunakujua kuliko wengi. Wengi wenu mulikimbia Pweto, Moba ama Mitwaba wakati wa vita, mukavuka kuingia Zambia. Wengine walikaa ku Kala, wengine ku Mwange, wengine ku Meheba. Kuanzia 2007 HCR ilianza kuturudisha, wengine kwa mashua ya ziwa Tanganyika mpaka Moba, wengine kwa malori mpaka Pweto. Mu 2010 kambi za Kala na Mwange zikafungwa. Wadogo zetu wakakimbia tena mu 2017, wakapokelewa ku Kenani, kisha ku Mantapala, na kurudi kwao kukaanza mwisho wa 2021. Tuliporudi, wengi tulikuta shamba limechukuliwa, ama usalama hakuna. Njo tukashuka mpaka hapa Lubumbashi.

Ninakumbusha hayo kwa sababu moja. Kila safari ilitunyang'anya vitu viwili mbele ya vingine vyote: nyumba, na watu wanaotujua. Hapa, mu Ruashi, mu Katuba, mu Kalebuka, tulitumia miaka kuvitafuta upya. Parseli ndogo. Nyumba ya vyumba viwili. Jirani anayeweza kukukopesha unga bila kukuuliza utarudisha siku gani. Mwalimu anayejua jina la mtoto wako. Likelemba ambamo zamu yako inajulikana. Mtu anapouza parseli, mnunuzi analipa udongo na matofali. Vile vingine vyote havimo mu bei, lakini navyo vinaenda.

Kinachovuta watu

Wenye kusema kazi iko Kolwezi hawasemi uongo. Mji uko karibu kilometa 300 kutoka hapa, ukipita Likasi. Tangu 2015, wakati Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne, ni makao makuu ya Lualaba, na ofisi, benki na hoteli vilifuata. Chini yake na kandokando yake kuna shaba na kobalti. Nchi yetu inatoa zaidi ya thuluthi mbili za kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa inatoka upande ule. Magharibi ya mji, mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza kutoa shaba Mei 2021. Kuna vijana wa chama chetu waliopata kitu kule: mmoja dereva, mmoja fundi wa kuchomelea vyuma, mama mmoja anapikia wafanyakazi. Wanatuma franga nyumbani. Tusiwafiche.

Lakini tuangalie franga ile inatoka wapi, na inategemea nini.

Mji unaoishi kwa jiwe

Kolwezi ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa kazi ya Union Minière. Mu 1967 ikaja Gécamines. Wazazi wetu waliifanyia kazi, na wanakumbuka: kampuni ilitoa nyumba, mfuko wa unga, hospitali, shule. Ilikuwa kama baba na mama. Bwana Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Université yetu ya Lubumbashi, ameandika kitabu kizima juu ya watoto wa kazi ile, akiwaita watoto walioachwa na baba yao. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990, tani hazikufika 50,000. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kwa ile iliyoitwa « départ volontaire ». Wako baba zetu hapa wanaojua kama kweli ilikuwa kwa hiari.

Mtasema: hiyo ni zamani. Basi tuangalie ya juzi. Mwanzo wa 2018 tani moja ya kobalti ilipita dolare 90,000. Mu 2019 ikashuka chini ya 30,000. Februari 2025, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana, serikali ilisimamisha kobalti isitoke inchini. Kuanzia Oktoba mwaka ule ule ikafungua tena kwa kipimo: kwa mwaka 2026 ni tani 96,600, na hiyo ni chini ya nusu ya ile nchi ilitoa mu 2024. Mei 2025 udongo ulitetemeka ku Kakula, maji yakaingia, kazi ya chini ikasimama.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililoamuliwa na mtu wa kartie ya Kolwezi. Lakini mama anayeuza bukari mbele ya depo za Musompo analisikia juma lile lile, sababu wateja wake hawana tena franga ya kula saa sita. Lubumbashi nayo inaishi kwa shaba, ninajua. Ila hapa kuna pia Université, kuna biashara ya Kasumbalesa, kuna masoko makubwa, kuna mashamba kandokando. Jiwe likikohoa, hapa tunaumwa kichwa. Kule wanalala kitandani.

Kazi: ni kazi ya nani, na ya miezi mingapi?

Kijana akiniambia « nimepata kazi ku Kolwezi », ninamuuliza: nani ametia sahihi? Kuna mkataba na kampuni yenyewe. Kuna mkataba na kampuni ndogo inayopeleka watu mu kampuni kubwa, hiyo sutretansi. Na kuna kuchimba kwa mikono. Ni maisha matatu mbalimbali.

Mwishoni mwa 2021 shirika la RAID pamoja na wanasheria wa Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa: zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliandikwa na sutretansi. Mara nyingi mkataba kama huo ni wa miezi michache, hauna matunzo ya jamaa yote, na unaweza kuisha bila kuongezwa. Sisemi ukatae. Ninasema usihamishe watoto wanne juu ya karatasi ya miezi mitatu.

Juu ya kuchimba nitasema wazi, mnisamehe. Sheria ya migodi inaruhusu kuchimba kwa mikono mu maeneo yaliyotengwa tu, mtu akiwa na karata yake na akiwa mu koperative. Jiwe zuri mara nyingi liko mu konsesio ya kampuni. Kwa hiyo wengi wanaingia usiku, wanalipa hapa, wanalipa pale, wanakimbizwa. Juni 2019, mu konsesio ya KCC, udongo uliwaangukia watu na karibu 40 wakafa. Kisha jeshi likatumwa kuwatoa wengine. Barua ya kuomba franga ya kwenda kuchimba, mimi sitaitia sahihi. Tumekwisha kuzika watoto wa kutosha.

Nyumba

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu. Nendeni mukaulize bailleur kama anaijua. Wako wanaoomba miezi sita, wengine na zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano tu, si bei ya kweli ya leo. Tuseme nyumba ni dolare 100 kwa mwezi. Garanti ya miezi mitatu ni 300. Mwezi wa kwanza 100. Komisioneri anataka yake, mara nyingi sawa na mwezi mmoja, 100 tena. Hapo ni 500, na hujanunua hata kikombe. Garanti ikiwa ya miezi sita, ni 800. Ongeza gari la mizigo, mfuko wa unga, makala, uniforme za shule. Sasa weka pembeni mshahara wa kwanza, ambao haufiki mbele ya mwezi kuisha. Mtu aliyeuza parseli kwa bei ya haraka anaona nusu yake ikipotea kabla hajala siku thelathini.

Wengine wanasema: nitanunua parseli kule kule. Hapo mufungue masikio. Mu inchi yetu, kuwa na karatasi ya udongo wa juu si kuwa na kilicho chini; kile ni cha Serikali, na Serikali inaweza kumpa mwingine ruhusa ya kukichimba. Mu 2014 ilijulikana kama kobalti iko chini ya nyumba za kartie ya Kasulo, mu Kolwezi yenyewe. Watu wakaanza kuchimba mu viwanja na hata ndani ya nyumba. Mu 2017 sehemu ya kartie ikafungwa kwa ukuta, na jamaa mamia zikahamishwa. Septemba 2023 Amnesty International iliandika juu ya wakaaji wa cité Gécamines, mu Kolwezi vilevile, wanaotolewa kidogo kidogo mu nyumba zao juu ya mgodi kupanuka. Wale hawakuwa wageni. Wengi walikuwa na makaratasi. Kwa hiyo, mbele ya kulipa, mwenye kununua apite ku ofisi ya udongo, aulize pia ku Cadastre Minier kama kiwanja kimo ndani ya permi ya mtu, na aulize wazee wa avenue. Asiulize komisioneri peke yake.

Chakula na umeme, kwa ufupi

Unga mwingi tunaokula unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Ile ya Kolwezi inapita hapa kwanza, kisha inaongeza njia na peaje. Zambia ikifunga mahindi, kama ilivyofanya mu ukame wa 2024, sisi tunalia, na wao wanalia zaidi. Umeme: mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu ya Kolwezi, kweli. Lakini bwawa kuwa karibu si taa kuwaka mu kartie. Migodi ndiyo inakunywa kwanza.

Watoto na makaratasi

Mtoto wa mwaka wa sita wa primaire, ama wa mwaka wa nane, ama anayengoja Examen d'État, asihamishwe katikati ya mwaka. Ameandikwa ku shule yake ya hapa, mtihani ataufanyia hapa. Mungoje mwisho wa mwaka wa masomo.

Watoto waliozaliwa ku kambi wana shida nyingine. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa kinachokubaliwa hapa, na siku 90 za kuandikisha zilipita zamani, njo tunapitia tribunali ya watoto. Dosie nyingi za chama ziko hapa Lubumbashi, zingine bado kidogo ziishe. Ukihama mu katikati, utaanza tena mwanzo. Tumalize kwanza, kisha safari. Na mwenye kunywa dawa kila siku, ya kifua ama nyingine, asiondoke bila karatasi ya kumpeleka ku hospitali ya kule.

Watu

Hili ni gumu, lakini tukiwa peke yetu tunaweza kulisema. Mu 1992 na 1993 maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai walilala ku gare za Likasi na Kolwezi, wengine kwa miezi, juu waliambiwa « hapa si kwenu ». Wengi walikuwa wamezaliwa pale pale. Sisemi hilo litarudi. Ninasema kazi ikipungua, mgeni anaangaliwa kwanza. Sisi wa Pweto na wa Moba, kule tutakuwa wageni. Kwa hiyo mtu asifike bila kujulikana. Ajijulishe kwa shefu wa kartie, aingie mu kanisa ama msikiti wake, asaidie kwenye kilio cha jirani. Mgeni siku mbili. Ya tatu umpe jembe. Na wanachama walioko kule tayari waunde kikundi kidogo, hata cha watu watano, chenye kupokea anayefika.

Nani aende, nani angoje

Kwa mawazo yangu, aende: kijana mwenye ufundi mkononi na asiye na watoto, mwenye mkataba ulioandikwa, tuliousoma pamoja, mama mwenye biashara yake na dada wa kumpokea kule. Angoje: mjane mwenye watoto wa mtihani, mwenye dosie ya tribunali haijaisha, na yule ambaye mali yake yote ni parseli ile moja.

Ninajua mtakachoniuliza. Nimekwisha kukisikia: « Mama, kama siuzi parseli, mtaji nitatoa wapi? » Ni ulizo zito, na kasha haina haki ya kusema hapana bila kutoa kitu. Kwanza, nyumba inaweza kupangishwa. Loyer ya nyumba ndogo ya Ruashi haitalipa nyumba nzima ya Kolwezi, lakini inaweza kusaidia chumba kimoja kwa mtu mmoja. Pili, njo hapa chama kinaingia. Ninapendekeza mambo manne, tupige kura.

Moja. Kasha ikopeshe mtu mzima mmoja wa jamaa: gari ya kwenda na kurudi, na chakula cha mwezi mmoja. Jamaa ibaki hapa.

Mbili. Akae miezi mitatu. Kila mwezi atume habari: alipata nini, alikula nini, alilipa wapi. Karatasi kidogo inatosha.

Tatu. Kisha miezi mitatu, jamaa ikae na kamati, bwana na bibi wote wawili. Hesabu ikisimama, kasha ikopeshe garanti ya nyumba, isiyopita miezi mitatu kama sheria inavyosema. Sahihi ziwe mbili. Mume peke yake asihamishe watu saba.

Nne. Akirudi kwa sababu haikufaa, asichekwe. Deni lipangwe upya, na nafasi yake mu chama ibaki. Kuna mtu alirudi mwaka uliopita na alificha miezi miwili kama yuko hapa, juu ya haya. Aliniambia: « Kazi ilipatikana, paka nyumba njo ilinishinda. » Yule hakushindwa. Alikwenda kuangalia, na alikuwa na mlango wa kurudilia. Hiyo njo maana ya kuacha nyumba hapa.

Mtu mzima akitaka kuuza parseli yake, chama hakitamfunga kamba. Ni yake. Ila kasha ni ya wote, na wote tunajua ni nini kukosa pa kurudi.

Kwa wafadhili neno moja, kwa heshima. Mara nyingi munatuuliza ni watu wangapi wamepata kazi. Ni vizuri. Tunaomba mutuulize pia, kisha mwaka mmoja, ni jamaa ngapi zingali na nyumba yao. Ulizo hilo la pili likiwa mu ripoti, hatutashawishika kuhesabu safari tu.

Barua zilizoko mezani zitangoja kura ya leo. Mwenye mkataba wa kweli unaoanza karibuni aje anione kisha mkutano, tutauangalia pamoja. Sasa ninaacha neno. Tuanze na maulizo ya ba mama, sababu mara nyingi wao njo wanabakia na watoto.